Tom Finney: Alibaki kwa Mapenzi au Alifungiwa Mlango?

Kila dirisha la usajili likifunguliwa, picha ile inarudi mitandaoni. Nyeusi na nyeupe, uwanja umejaa maji kama jaruba la mpunga, jamaa anateleza na mpira wake na maji yanaruka pande zote. Juu yake mtu kaandika maneno yaleyale: enzi hizo watu walicheza kwa mapenzi ya jezi, siku hizi wanacheza kwa hela. Chini zinafuata komenti kibao za kumchamba straika fulani, jina kapuni maana kila mtu ana wake, ambaye juzi kahama klabu kufuata mkwanja.

Jamaa wa kwenye picha anaitwa Tom Finney. Picha yenyewe ilipigwa mwaka 1956 uwanja wa Stamford Bridge, London, Preston North End walipokuwa wageni wa Chelsea siku ambayo uwanja uliloa chapachapa. Ilipendwa kiasi kwamba mwaka 2004 ikatengenezewa sanamu, iko nje ya uwanja wa Deepdale mjini Preston, kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Na ni kweli kabisa, Finney alicheza ligi ya Uingereza akiwa na klabu moja tu kuanzia mwanzo mpaka anastaafu. Klabu hiyo ni Preston.

Tatizo ni kwamba wanaoitumia picha ile kama fimbo ya kuwachapia wachezaji wa leo wanasimulia nusu ya stori. Nusu nyingine ndiyo tamu, na ndiyo inauma.

KWANZA APEWE HESHIMA YAKE

Kwa ambao jina hili ni geni, huyu hakuwa mchezaji wa kawaida. Alizaliwa Aprili 1922 Preston, umbali mfupi tu kutoka Deepdale. Utotoni alikuwa mdogo wa umbo na mgonjwamgonjwa, mtoto ambaye ukimwona unasema huyu mpira atauangalia kwa mbali. Klabu ilipoona kipaji chake na kutaka kumchukua, baba yake akaweka ngumu. Akasema dogo amalize kwanza mafunzo ya ufundi bomba, mpira utafuata. Kwa hiyo kijana akawa mchana anashika mabomba, muda uliobaki anashika mpira.

Januari 1940 akasaini rasmi kama mchezaji wa kulipwa, lakini vita kuu ya pili ilikuwa imeshaanza na ligi imesimamishwa. Zilibaki mechi za kipindi cha vita. Mwaka 1941, akiwa na miaka 19, alicheza fainali ya kombe la wakati wa vita dhidi ya Arsenal kule Wembley, ikaisha 1-1, na Preston wakashinda mechi ya marudiano 2-1. Baada ya hapo akaitwa jeshini, akapelekwa Misri, kisha Italia, kwenye vikosi vya vifaru. Miaka ambayo winga wa leo anakuwa ameshabadilisha klabu tatu na magari manne, Finney alikuwa vitani.

Mechi yake ya kwanza ya ligi aliicheza Agosti 31, 1946, akiwa na miaka 24. Alifunga. Septemba 28 mwaka huohuo akaichezea timu ya taifa ya Uingereza kwa mara ya kwanza, ugenini Belfast dhidi ya Ireland Kaskazini, wakashinda 7-2, na pale pia alifunga. Yaani kutoka mechi ya kwanza ya ligi mpaka jezi ya taifa hata mwezi haukutimia.

Kuanzia hapo ilikuwa ni balaa. Winga wa kulia, winga wa kushoto, baadaye hadi mshambuliaji wa kati, popote ulipomweka alicheza. Preston aliichezea mechi 433 za ligi na kufunga magoli 187. Timu ya taifa alicheza mechi 76 na kufunga magoli 30. Alikuwemo Lisbon mwaka 1947 Ureno walipopigwa 10-0 kwao, na alikuwemo Turin mwaka 1948 Italia walipokula 4-0, ambapo mawili alitupia yeye. Waandishi wa soka wa Uingereza walimchagua mchezaji bora wa mwaka 1954, wakamrudia tena 1957, akawa wa kwanza kuipata tuzo hiyo mara mbili. Na katika muda wote huo, refa hakuwahi kuandika jina lake kwenye daftari kwa utovu wa nidhamu. Bill Shankly, ambaye alicheza naye Preston kabla hajawa kocha mkubwa pale Liverpool, aliondoka duniani akiamini hajawahi kutokea kama Finney.

Sasa mtu wa kiwango hicho alikuwa analipwa nini?

HELA YENYEWE SASA

Hapa ndipo watu wa fimbo huruka ukurasa.

Tangu mwaka 1901 soka la Uingereza lilikuwa na sheria ya kima cha juu cha mshahara. Sio kima cha chini kama kile wafanyakazi wanachokililia duniani kote. Kima cha juu. Kulikuwa na kiasi ambacho klabu hairuhusiwi kukivuka, hata mchezaji awe anajaza uwanja peke yake. Sheria ilipoanza ilikuwa pauni 4 kwa wiki. Mwaka 1952 ilikuwa imefika pauni 14 wakati wa msimu, na ligi ikiwa mapumziko ya kiangazi inashuka mpaka pauni 10. Mwaka 1958 ikafika pauni 20, na hapo ndipo ilipogota. Bonasi za ushindi zilikuwepo lakini nazo ziliwekewa kipimo, hela ya kubadilishia mboga.

Ili haki itendeke, tuseme ukweli kwamba hiyo haikuwa njaa. Fundi wa kiwandani wa wakati ule asingeukataa mshahara wa mchezaji. Lakini fundi wa kiwandani hakuwa anaangaliwa na watu elfu thelathini kila Jumamosi. Msimu wa 1948/49 viwanja vya ligi ya Uingereza viliingiza watazamaji zaidi ya milioni 41, rekodi ambayo mpaka kesho inasimuliwa. Watu milioni 41 walilipa kiingilio. Fainali ya Kombe la FA ya mwaka 1954, Finney akiwa nahodha wa Preston, ilijaza Wembley karibu watu 100,000. Mshiko ulikuwepo. Ila mlango wa chumba cha kubadilishia nguo haukuuvuka.

Ndiyo maana Finney hakuwahi kuacha ufundi bomba. Asubuhi mazoezi, mchana kwenye mabomba ya watu, na pamoja na kaka yake wakawa na kampuni yao ya ufundi. Leo stori hiyo inasimuliwa kama mfano wa unyenyekevu. Eti staa wa taifa zima anaingia jikoni kwako kuziba bomba linalovuja, mtu wa watu asiye na maringo. Inawezekana kweli hakuwa na maringo. Lakini jiulize, mchezaji bora wa nchi mara mbili angekuwa na ulazima gani wa kuhangaika na mabomba ya jirani kama angekuwa analipwa anachostahili? Baba yake aliliona hilo mapema. Alijua mpira wa Uingereza unatoa sifa kwa kilo na hela kwa gramu, akamwekea mtoto akiba mikononi.

MWANA WA MFALME NA ILE OFA

Mwaka 1952 timu ya taifa ya Uingereza ilikuwa ziarani Italia. Nchi hiyo ilikuwa inamjua Finney kitambo. Ilimwona akiwa mwanajeshi, ikamwona Turin anawafunga mawili. Safari hii ikaamua kumchukua kabisa.

Bosi wa klabu ya Palermo, mtu wa ukoo wa kifalme kule Sicily, akaweka mzigo mezani. Pauni 10,000 za kusaini. Mshahara wa pauni 130 kwa mwezi, bonasi juu yake, jumba karibu na bahari, gari la kifahari, na nauli za familia kwenda na kurudi.

Weka hesabu hiyo pembeni ya pauni 14. Hata tukijifanya kwamba Preston walimlipa pauni 14 kila wiki ya mwaka bila kupunguza kiangazi, hiyo ni pauni 728 kwa mwaka. Hela ya kusaini peke yake ilikuwa sawa na mshahara wake wa karibu miaka 14. Kijana, una miaka 30, una mke na watoto, mguu mmoja ukivunjika umekwisha, halafu mtu anakuonyesha miaka 14 ya jasho lako ndani ya bahasha moja.

Finney hakutoroka usiku. Alifanya kile ambacho kila mtu anasema mchezaji muungwana anatakiwa kukifanya. Alienda kwa mwenyekiti wa klabu yake, akamwambia kuna ofa, wazungumze. Jibu alilopata, kwa kifupi, ni kwamba usipoichezea Preston huchezi popote.

Mazungumzo yakaishia hapo. Finney akarudi kwenye winga yake na mabomba yake.

Sasa ile posti inayosema alibaki kwa mapenzi ya jezi, hiki kipande imekiweka wapi?

WALIVYOFUNGIWA

Mtu atasema, si angesubiri mkataba uishe tu akaondoka zake bure? Hapana mdau, enzi hizo kitu kama hicho hakikuwepo, na hili ndilo wengi hawalijui.

Mkataba ulikuwa wa msimu mmoja mmoja. Msimu ukiisha klabu inatoa orodha, hawa tunabaki nao, hawa waende. Ukiwa kwenye orodha ya wanaobaki, hata kama mkataba wako umekwisha, usajili wako unabaki kwenye kabati la klabu. Huwezi kuichezea timu nyingine yoyote ya ligi. Ukigoma kusaini mkataba mpya, klabu ina haki ya kukuacha ukae nyumbani bila kukulipa hata senti, na bado ni mali yao. Ni kama kuachishwa kazi na kukatazwa kutafuta kazi kwa siku moja.

Kuondoka kulitegemea bosi ameamkaje. John Charles, jitu la Wales lililokuwa Leeds United, mwaka 1957 aliuzwa Juventus kwa pauni 65,000 na akaenda kubeba ubingwa wa Italia mara tatu. Kwa nini yeye aliweza? Kwa sababu Leeds walitaka hela, wakakubali. Preston hawakukubali. Vipaji viwili vikubwa, ofa mbili kutoka nchi moja, na kilichoamua nani aende ni saini ya mtu mwingine.

Na wale wanaosema wachezaji wa zamani hawakuwa watu wa kupenda hela, wamuulizie Wilf Mannion. Fundi wa mpira wa Middlesbrough na timu ya taifa, mwaka 1948 aligoma kusaini, anataka kuondoka. Alikaa miezi bila kucheza mechi ya ligi. Mwisho wa siku tumbo halina ushabiki, akarudi kulekule Middlesbrough.

Wamuulizie na Neil Franklin, beki wa kati wa Stoke City aliyekuwa namba moja nchini. Mwaka 1950 aliona Kombe la Dunia la Brazil linakuja, akaamua kuliacha, akapanda ndege kwenda Bogotá, Colombia, kuichezea Santa Fe. Ligi ya huko ilikuwa imetofautiana na FIFA na ilikuwa inalipa hela ambazo Uingereza hazijawahi kuonekana. Maisha ya kule yakamshinda, akarudi mapema. Alichokikuta nyumbani ni kufungiwa, na jezi ya taifa hakuivaa tena maishani mwake. Charlie Mitten wa Manchester United naye alienda Bogotá, aliporudi alifungiwa na kuuzwa.

Finney aliyaona hayo yote. Ofa ya Palermo ilikuja miaka miwili tu baada ya Franklin kuharibikiwa. Alijua kabisa anayeruka ukuta anakutana na nini upande wa pili. Kwa hiyo tukisema alichagua kubaki, tuseme pia alichaguliwa kati ya vitu gani: Preston, au kukaa bila mpira kabisa.

UAMINIFU BILA KOMBE

Kuna watu watasema basi angalau klabu ilimlipa kwa mataji. Wapi.

Preston walipanda daraja mwaka 1951 kwa kuwa mabingwa wa Daraja la Pili. Msimu wa 1952/53, mwaka mmoja tu baada ya ofa ya Palermo, walimaliza ligi kuu wakiwa na pointi 54, sawa na Arsenal. Enzi hizo mshindi alipatikana kwa kugawanya magoli ya kufunga kwa ya kufungwa. Arsenal walikuwa na 97 kwa 64, Preston 85 kwa 60. Ukigawanya, tofauti haifiki hata sehemu moja ya kumi ya goli. Kombe likaenda London.

Mwaka 1954 wakafika fainali ya Kombe la FA, wakapigwa 3-2 na West Bromwich Albion. Finney siku hiyo hakuwa yeye. Msimu wa 1957/58 wakafunga magoli 100 kwenye ligi, wakawa wa pili nyuma ya Wolverhampton Wanderers. Wa pili, wa pili, na fainali ya kufungwa. Ukiacha ile ya wakati wa vita, mtu huyu hakushika kombe kubwa lolote na klabu yake.

Aprili 1960, akiwa na miaka 38 na nyonga zinamsumbua, akacheza mechi yake ya mwisho pale Deepdale. Msimu uliofuata Preston wakashuka daraja. Mpaka leo hawajarudi ligi kuu. Hiyo peke yake inakuonyesha nani alikuwa anambeba nani.

Halafu cheki bahati ilivyo na roho mbaya. Januari 1961, miezi tisa tu baada ya yeye kutundika daluga, kima cha juu cha mshahara kikafutwa. Chama cha wachezaji chini ya Jimmy Hill, mchezaji wa Fulham, kilitishia mgomo wa nchi nzima na mabosi wakanywea. Muda si mrefu Johnny Haynes, nahodha wa timu ya taifa na yeye wa Fulham, akawa analipwa pauni 100 kwa wiki. Mara tano ya hela ya juu kabisa aliyowahi kuigusa Finney. Na mwaka 1963, kwenye kesi ya George Eastham aliyegombana na Newcastle United ili aende Arsenal, jaji akasema wazi kwamba ule mtindo wa kumng'ang'ania mchezaji aliyemaliza mkataba ni kumzuia mtu kufanya kazi yake isivyo halali.

Soma tena sentensi hiyo. Mfumo uliomfanya Finney awe "mwaminifu" ulikuja kukataliwa na mahakama.

ILA WANAOPINGA NAO WANA HOJA

Kuna hoja moja nzito ya kujibiwa. Kima kile cha mshahara kilisaidia timu za miji midogo. Preston, Blackpool, Burnley, vimji vya viwanda vya kaskazini, viliweza kupambana na London kwa sababu hakuna aliyeweza kumvuta mchezaji kwa hela. Kilipoondolewa, wakubwa wakazidi kuwa wakubwa, na Preston yenyewe ni ushahidi. Anayelilia soka la zamani anaweza kuwa analilia hilo, kwamba mtoto wa mtaani kwako anaweza kukua na kuichezea timu ya mtaani kwako na bado ikashindana na yeyote.

Ni kilio cha haki. Ila swali ni nani alipe bili. Kama mji mzima unafaidi kwa kumbakiza mtu mmoja, na klabu inauza tiketi kwa jina lake, kwa nini gharama yote itoke mfukoni kwake na kwa watoto wake? Kulinda timu ndogo kuna njia nyingi. Ile waliyoitumia ilikuwa rahisi kuliko zote: kumfungia kijana mlango halafu kumpigia makofi kwa kutotoka.

SASA MAPENZI YAKO WAPI?

Hapa ndipo stori inapogeuka, na ndiyo maana Finney bado anastahili lile sanamu.

Baada ya 1960 hakukuwa tena na orodha ya wanaobaki. Hakuna mwenyekiti wa kumzuia, hakuna usajili kwenye kabati. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Mwaka 1963, akiwa na miaka 41, aliutumia kidogo. Distillery ya Belfast ilimwomba awasaidie kwenye Kombe la Mabingwa wa Ulaya dhidi ya Benfica, timu iliyokuwa bingwa wa Ulaya 1961 na 1962. Mzee akaenda, wakatoka 3-3. Unapata picha ya kipaji gani kilikuwa kinaishi kwa pauni 14.

Baada ya hapo akarudi nyumbani. Preston. Akaendesha biashara yake ya mabomba, akawa hakimu wa mahakama ya mji, akawa mwenyekiti wa mamlaka ya afya ya wilaya, akawa rais wa heshima wa klabu ileile iliyomnyima Palermo. Mwaka 1998 malkia akampa heshima ya kuitwa Sir. Mkewe Elsie, waliyeoana mwaka 1945, alipopata ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, alimuuguza mpaka alipofariki mwaka 2004. Yeye mwenyewe alifariki Februari 14, 2014, siku ya wapendanao, akiwa na miaka 91.

Hayo ndiyo mapenzi. Alikaa miaka zaidi ya hamsini mahali ambapo hakuna karatasi iliyomlazimisha kukaa. Mtu akitaka mfano wa uaminifu wa Finney auchukue hapo, kwenye miaka ambayo angeweza kuondoka. Ile miaka ya 1946 mpaka 1960 inatufundisha kipaji, nidhamu na uvumilivu. Uaminifu haiwezi kuuthibitisha, kwa sababu hakupewa nafasi ya kuukosa.

Na straika wako wa jina kapuni, yule aliyehama juzi? Pengine kweli ana tamaa. Pengine aliaga vibaya, pengine aliibusu nembo wiki moja kabla ya kusaini kwingine, hayo mchambeni mtakavyo. Lakini kule kuweza kuondoka tu mkataba ukiisha, akachagua anayemlipa vizuri, ni haki ambayo watu kama Mannion na Franklin waliumia wakiitafuta, na Eastham akaenda mahakamani kuidai. Ukimtukana kwa kuitumia, halafu ukambandikia picha ya Tom Finney, unamtumia mtu aliyenyimwa haki kumsema mtu aliyeipata.

Na huyo Finney mwenyewe, ofa ilipokuja, hakusema hapana kwa sababu ya jezi. Alienda kuomba ruhusa.

Mdau, ungekuwa wewe, una miaka 30, familia inakutegemea, na mshahara wa miaka 14 uko mezani, ungeondoka au ungebaki? Na je, mchezaji anayebaki kwa sababu hana pa kwenda anaitwa mwaminifu? Shusha maoni yako hapo chini, matusi acha nyumbani.